Kuwekwa Kitako na Kuketi Pamoja

Mhadhara juu ya mikutano ya watu wanaoacha pombe

 

Aliyenialika aliponiuliza nitazungumza juu ya nini, nilimjibu kwa neno moja: pombe. Akakaa kimya kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Dada muuguzi, hapa Moshi? Kweli watakuja?" Mmekuja, na viti vimeisha. Nadhani kila aliyeketi humu ana mtu wake anayemfikiria sasa hivi, hata kama hatamtaja.

Sikuja kuisema vibaya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimezaliwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Nimekua nikiona ndizi mbivu zikichemshwa na kuachwa zipoe, ulezi ulioota ukisagwa, gome la msesewe likitiwa ili kuleta ule uchungu wake. Najua kwamba kwetu posa haipelekwi mikono mitupu, na wazee hawapatanishi watu waliogombania mpaka bila kata kuzunguka. Wengi wanaokunywa hunywa, hucheka, hurudi nyumbani, na asubuhi wako shambani. Mimi nazungumza juu ya yule mmoja asiyerudi. Anayetoka kilabuni akiwa wa mwisho, na kesho yake kabla jua halijachomoza ameshatafuta cha kuzimua. Kila ukoo unaye. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu milioni 209 duniani ni tegemezi wa pombe, na kwamba mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6. Ni wengi mno kwa akili ya mtu kuwashika. Kwa hiyo nitaanza na mmoja.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono hodari. Redio ikiharibika kijijini ililetwa kwake. Sijui hasa pombe ilimgeuka mwaka gani. Najua tu kwamba nilipokuwa kidato cha pili alikuwa ameshafukuzwa kazi, na mke wake alikuwa amerudi kwao na watoto wawili.

Tulimweka kitako mara tatu. Mnakijua kikao cha namna hiyo. Ni Jumapili baada ya misa, mabenchi yametolewa nje chini ya mparachichi, baba wadogo wako upande mmoja na mashangazi upande mwingine, na yeye yuko katikati kwenye kigoda. Mkubwa wa ukoo akafungua mazungumzo, kisha kila mmoja akasema lake. Mmoja alitaja deni, mwingine aibu ya siku ya msiba, mwingine machozi ya mama. Kaka aliitikia kila mtu: ndiyo baba, ndiyo shangazi, nimekosa. Mwisho alishika jani la isale, kama ilivyo desturi, akaomba msamaha, akasamehewa, watu wakala. Usiku ule ule alikunywa.

Nimekifikiria kikao kile kwa miaka mingi, na hiki ndicho ninachokiona leo. Kati ya watu wote waliokuwa chini ya ule mparachichi, kaka ndiye peke yake aliyeijua ile kiu kutokea ndani, na ndiye peke yake ambaye hakuulizwa swali hata moja. Tuliuliza, "Kwa nini unatufanyia hivi?" Hilo si swali, ni hukumu. Hakuna aliyemuuliza, "Saa ngapi inakuwa ngumu zaidi?" Hakuna aliyemwambia, "Hata mimi ilinikamata hivyo." Palikuwa na upendo mwingi pale, nashuhudia. Lakini ulikuwa upendo wa watu waliosimama ukingoni wakimpigia kelele aliye majini.

Baada ya kikao cha tatu wazee wakaamua tumfungie. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, tukamwekea maji, chakula, na ndoo. Ufunguo alikaa nao baba mdogo. Siku ya kwanza alitokwa na jasho na mikono ikamtetemeka hadi kikombe kikagonga meno. Siku ya pili alianza kuwafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatukuwaona, akimwita mama kwa jina la utotoni mwake. Watu walisema pombe inamtoka. Usiku wa tatu alishikwa na degedege, moja baada ya jingine. Alfajiri alikuwa amefariki. Mazishini wengine walinong'ona kwamba amerogwa.

Miaka minne baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nilifungua kitabu maktabani nikakuta ukurasa mmoja unaomweleza kaka yangu saa kwa saa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, kutetemeka huanza ndani ya saa chache. Degedege huweza kuja, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuweweseka na maruweruwe huja kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Na chini yake, kwa herufi zile zile ndogo: hutibika. Kuna dawa za jamii ya diazepamu za kutuliza ubongo, kuna vitamini B1 inayotolewa mapema ili ubongo usiharibike, kuna maji, kuna muuguzi wa kukaa karibu. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Sikuweza kuketi.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye mikutano niliyokuja kuisifu, nawaomba mlichukue hili hata kama mtasahau mengine yote. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono humtetemeka mpaka azimue, msimfungie, na wala msimwapishe aache leo hii akiwa nyumbani peke yake. Mpelekeni hospitali kwanza. Kikao, hata kiwe kizuri namna gani, hakizuii degedege.

Sasa nije kwenye mikutano.

Mwezi Mei mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mtu mmoja alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa hoteli akiwa hana amani. Jina lake Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York. Pombe ilikuwa imemnyang'anya karibu kila kitu, akalazwa mara kadhaa, na sasa alikuwa na miezi mitano bila kunywa. Katika miezi hiyo mitano alihangaika kuwaachisha walevi wengine huko New York, akiwahubiria, akiwaleta mpaka nyumbani kwake. Hakuacha hata mmoja. Alipomlalamikia mkewe, Lois, mama huyo alimjibu jambo ambalo naona ndilo mzizi wa yote: lakini wewe mwenyewe hujanywa.

Pale Akron biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Jioni, mgeni peke yake, upande mmoja wa ukumbi anasikia vicheko vya baa. Upande mwingine kuna simu, na orodha ya makanisa ya mji. Akaiendea simu. Alimwomba mchungaji asiyemfahamu amsaidie kumpata mlevi wa kuongea naye. Tazameni ombi lenyewe. Hakuomba aombewe wala hakuomba daktari. Aliomba mlevi mwenzake, kwa sababu alikuwa ameng'amua kwamba akiwa na mlevi mwenzake mbele yake, kiu inapungua.

Simu zile zikamfikisha kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Walikutana siku ya pili yake, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Dokta Bob, kama alivyokuja kuitwa, alikuwa amekwisha sema kwamba atakaa dakika kumi na tano tu, maana alishachoka na mahubiri. Waliinuka saa tano za usiku zikiwa zimepita. Bill hakumhubiria. Alimsimulia yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza yule daktari alikuwa anaongea na mtu anayeijua pombe kama yeye anavyoijua. Alianguka tena mara moja, aliposafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari. Pombe yake ya mwisho inahesabiwa kuwa ya tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, kinaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Dokta Bob alifariki mwaka 1950 bila kunywa tena. Mtu wa tatu walimkuta hospitalini, wakili aliyefungwa kitandani kwa sababu alikuwa amewapiga wauguzi. Sisi wauguzi tunawafahamu wagonjwa wa namna hiyo.

Mambo ya baadaye nitayapita haraka: kitabu chao kilichotoka mwaka 1939, makala ya gazeti ya mwaka 1941 iliyowafanya wakue kutoka kama 2,000 hadi kama 8,000 katika mwaka huo mmoja, hatua 12 za mtu kuacha pombe, na kanuni 12 za vikundi walizozipitisha mwaka 1950. Kati ya kanuni hizo, kwa sasa nawatajia moja. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: kutamani kuacha kunywa. Halisemi uwe umeshaacha. Unatamani, basi. Huulizwi dini yako, shule yako, wala kama una deni dukani.

Kwetu, kikundi cha kwanza nilichokifahamu kilikuwa cha watu saba, kwenye sebule ya mwalimu mstaafu, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni. Wana mikutano yao wenyewe tu, na mara moja kwa mwezi mkutano wa wazi ambao mtu kama mimi anaruhusiwa kuhudhuria. Nimewaomba ruhusa kusema haya, na nimebadili mambo madogo madogo ili mtu yeyote asitambulike.

Saa kumi na mbili haikuchaguliwa ovyo. Mlevi yeyote atakwambia kwamba asubuhi unaweza kuapa kwa Mungu wako na mchana ukashika kiapo. Jioni, kazi imeisha, jua linazama, hela ya kutwa iko mfukoni, ndipo miguu inakumbuka njia. Fundi mmoja wa gereji alisema hivi nilipohudhuria: "Nikishanawa mikono kwa sabuni ya unga, kile kitendo tu cha kunawa, mate yananijaa." Wenzake wote waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimesomea ugonjwa huu, nimeuhudumia wodini miaka mingi, na sikuwahi kusikia habari ya sabuni. Hakuna kitabu kitakachoiandika. Lakini jirani yake, mama mmoja muuza ndizi, akasema papo hapo, "Basi usinawie gereji. Nenda na uchafu wako mpaka nyumbani." Akafanya hivyo. Alinawia nyumbani mwaka mzima.

Ndiyo maarifa ya pale. Hayana cheti. Pita nyuma ya soko, usipite mbele ya kilabu. Kula kabla ya saa kumi na mbili, maana tumbo tupu na kiu huchanganyana. Mshahara uingie kwenye simu ya mke mpaka utakapojiamini. Ukialikwa harusini, shika soda mkononi tangu mlangoni ili usiwe mtu wa kukaribishwa, na uondoke kabla muziki haujapandishwa. Na hili walilisisitiza kuliko yote: piga simu kabla, usipige baada. Kila mmoja ana namba za wenzake, na mgeni hupewa mtu mmoja mwenye miaka kadhaa bila pombe wa kumsindikiza, anayeweza kumpigia hata saa nane usiku. Nilimuuliza mwalimu kama hachoki kuamshwa. Alisema, "Dada, usiku anaoniamsha yeye, na mimi sinywi."

Hapo ndipo nilipomwelewa mke wa Bill Wilson. Sisi wa hospitali tuna mgonjwa na tuna mganga, na msaada unatoka upande mmoja kwenda mwingine. Pale sebuleni haujulikani unatoka wapi. Aliyefika jana anamsaidia mwenye miaka kumi kwa kumkumbusha tu mikono inavyotetemeka. Mlevi ni mtu ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemtegemea kwa jambo lolote. Hapewi hela ashike, hatumwi dukani, hata mtoto wake haachwi naye. Unapomwambia, "Jumanne ijayo wewe ndiye utakayefungua mlango, tutakuwa nje tunakungoja," umempa kitu ambacho ukoo wake ulishaacha kumpa. Kaka yangu aliyetengeneza redio za kijiji kizima alihitaji kuhitajika. Sisi tulimpa msamaha.

Nitawaonyesha jambo moja dogo. Kulikuwa na birika la chai ya maziwa na tangawizi, na vikombe vya bati. Mkutano wangu wa pili alikuja kijana mmoja, siku ya nne tangu atoke hospitalini. Alikaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kukimbia, mikono ameibana kati ya magoti. Mzee mmoja alipita akimimina chai. Kila mtu alijaziwa kikombe. Alipofika kwa yule kijana akamimina nusu, akampa, akaendelea na safari yake bila kumwangalia. Kijana aliinua kikombe kwa mikono miwili. Kilitetemeka, lakini chai haikumwagika, kwa sababu ilikuwa nusu. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa katika uuguzi wa afya ya akili, na nilikuwa nimewapa wagonjwa wangu vikombe vilivyojaa miaka yote hiyo, kisha nikaita mtu aje apanguse sakafu.

Sasa kuna jambo ambalo naomba viongozi wa dini waliopo wanivumilie, maana nami ni muumini na sikosi kanisani. Watu husema, kwa nini mikutano hii wakati tuna kanisa, tuna ushuhuda? Ushuhuda ni jambo jema, na wapo walioacha pombe siku waliyookoka wasiitamani tena, Mungu asifiwe. Lakini ushuhuda una umbo lake. Unaanza gizani, unaishia kwenye nuru, watu wanapiga makofi. Aliyesimama mbele ya kusanyiko akasema "nimefunguliwa", siku akianguka atasimama wapi? Hana pa kulisema anguko lake. Atabadili kanisa, au atajificha, na kwenye kujificha ndiko pombe inakomngojea. Nimewaona watu wengi wakifia mahali hapo, katikati ya ushuhuda wao na aibu yao.

Mkutanoni mazungumzo hayalazimiki kuishia vizuri. Yule mama muuza ndizi alikuwa na miezi minane. Jumanne moja alisema, macho yakiwa kwenye mkeka, "Nilikunywa juzi." Hakuna aliyeguna. Mwalimu akasema, "Karibu." Mwingine akamuuliza juzi ilikuwaje kabla ya kunywa, saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa amekula. Kumbe ilikuwa siku aliyozaliwa mwanawe aliyefariki. Hakuwa amemwambia mtu. Walikaa na jambo hilo karibu saa nzima. Mwisho akaambiwa ahesabu tena kuanzia siku ya kwanza, na mwaka uliofuata, tarehe ile ile, wanawake wawili wa kikundi walikwenda kukaa naye gengeni kutwa nzima wakichambua mchicha. Ile miezi minane hakupotezewa. Ilimfundisha tarehe.

Na suala la kutotaja majina. Wapo wanaoliona geni, jambo la Wazungu. Mimi naona ni la kwetu kabisa. Tuna neno lake, stara. Katika lugha hii, kumsitiri mtu si kuuficha uovu wake, ni kuilinda heshima yake ili apate nafasi ya kurudi. Ndugu zetu wa Zanzibar wanalijua hili. Ndiko walikoanzisha soba hausi, nyumba ambako watu waliokwama kwenye heroini huishi pamoja na kuongozwa na wenzao waliotangulia kuacha, wakifuata zile hatua 12, katika jamii ya Kiislamu ambako kukiri hadharani kuwa umetumia kilevi ni mzigo mzito. Kinachosemwa ndani kinabaki ndani. Kwa mwanamke stara hii ni uhai wake. Mwanaume akilewa huitwa mlevi. Mwanamke akilewa hupewa majina ambayo sitayataja mbele yenu. Ndiyo maana wanawake wengi hunywa ndani, mlango umefungwa, na hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Sasa suala la posho. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Kikundi kimoja wilaya ya jirani kilikuwa na watu kumi na wawili wanaokutana vizuri chini ya mti. Akaja mfadhili mwenye nia njema. Akaleta soda, nauli, daftari la mahudhurio na fulana. Mwezi wa tatu walikuwa arobaini. Mwezi wa tano waligombania uwekahazina. Mradi ulipoisha hakubaki hata mmoja, wala wale kumi na wawili wa mwanzo. Wale wa Akron na New York waliliona mapema. Walimwendea tajiri John D. Rockefeller mdogo wakiwa na ndoto za hospitali na watumishi wa kulipwa. Mwaka 1938 alitoa dola 5,000 tu, akihofia kwamba fedha nyingi zitaliharibu jambo lenyewe. Baadaye wao wenyewe waliweka kanuni kwamba kila kikundi kijitegemee na kisipokee michango ya watu wa nje. Bakuli linazunguka, mwenye mia mbili anatia mia mbili, hela inanunua majani ya chai na sukari. Uongozi nao hupokezanwa. Najua jinsi tunavyopenda mwenyekiti wa kudumu, lakini mlevi aliyefanywa mwenyekiti wa kudumu hawezi kuja kusema "nilikunywa juzi".

Mtaniuliza, je, inafanya kazi? Mimi ni muuguzi, swali hilo nalipenda. Mwaka 2020 ulitolewa uchambuzi wa Cochrane uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, nyingi zikiwa za Marekani. Kwa walioongozwa na wataalamu kuingia kwenye mikutano hii kwa utaratibu maalumu, kama 42 katika kila 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopata tiba nyingine zinazoheshimika, zikiwamo za ushauri wa kitaalamu, walikuwa kama 35. Zitazameni namba hizi kwa uaminifu. Zaidi ya nusu, kote kuwili, hawakufikisha mwaka bila kunywa. Asije mtu akawauzia mkutano kama hirizi. Lakini saba katika kila mia ni watu saba wenye watoto, na tiba hii haina bei, inahitaji chumba na birika. Katika nchi ambayo wataalamu wa afya ya akili ni wachache kama tulivyo, sijaona dawa nyingine yenye uwiano huo. Wala haipingani na hospitali. Zipo dawa kama naltreksoni na disulfiramu, wapo wanaozitumia na kuhudhuria, na ninawashauri wafanye yote mawili.

Sheria nazo zina kazi yake. Serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017, nilifurahi, maana tulikuwa tunapokea wodini vijana wa bodaboda waliovibeba mfukoni kama peremende. Wakenya nao mwaka 2010 walipitisha sheria ya kubana saa za kufungua baa, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho. Sheria inaweza kufunga duka. Kukaa na mtu saa kumi na mbili jioni ni kazi nyingine.

Na wake, na waume, na watoto wa walevi? Lois Wilson na wenzake waliwaanzishia mkutano wao mwaka 1951, kwa sababu waligundua kwamba na wao wamekuwa wagonjwa wa aina yao. Mama mmoja aliniambia kwamba kwa miaka kumi na nne alikuwa anaweza kujua kwa sauti ya komeo la geti mumewe amekunywa kiasi gani. Mume ameacha, ana miaka miwili sasa. Yeye bado anaamka komeo likilia. Huyu naye anahitaji wenzake wanaolijua lile komeo.

Ndugu zangu, nina ombi, na ndilo lililonileta. Wale watu wa sebuleni sasa ni kumi na tisa. Mwalimu anazeeka, mwanawe amehamia na familia yake, na sebule inahitajika. Hawawezi kusimama hapa kuomba wenyewe, kwa sababu ambayo nimeshaieleza. Baadhi yao wamo humu ukumbini usiku huu, na mnawafahamu kwa kazi zao nzuri. Wamenituma mimi.

Nyuma ya ukumbi huu kuna chumba cha stoo, kina viti vya plastiki vilivyopangwa na meza moja mbovu. Nimekitazama kabla ya kuingia. Kina mlango wake upande wa migomba, mtu anaweza kuingia bila kuonekana kutoka barabarani. Jioni za Jumanne hakitumiki. Ufunguo anao mlinzi. Wanaahidi kufagia, na kulipia umeme wao kutokana na bakuli. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi ameketi pale mstari wa pili, namwona anaandika. Baba, kama utakubali, Jumanne ijayo mlinzi atuachie ufunguo saa kumi na moja na nusu. Birika tunalo.